Ukifunga Batri ya Pili, Ulale Nayo

Weka hiyo simu chini kwanza. Najua unataka kunionyesha video: mzungu na kofia yake, pikapu inang'aa, batri ya pili imekaa pembeni ya moteri, na kabla hujamaliza chai yako kazi imekwisha. Nimeziona. Wajukuu wangu wananionyesha kila Jumapili baada ya misa wakidhani nitafurahi. Sifurahi. Ile video haionyeshi barabara ya Mitwaba wakati wa mvua za kwanza. Haionyeshi Mama Ngalula akiingizwa hospitalini juu ya mlango wa mbao, ulimi umekauka, hajui hata jina lake, kwa sababu fundi mmoja alifunga nyaya, akajifuta mikono, akasema, "Iko bien."

Iko bien, yaani iko sawa! Kama kuna neno moja ningeweza kulifukuza katika mji huu wa Lubumbashi, ni hilo. Paa linavuja, iko bien. Breki zinalia, iko bien. Mtu anakufa njiani, na aliyefunga kazi bado anasema iko bien, tena anacheka.

Mimi ni Papa Ngoie. Nilikuwa elektrisye, fundi wa umeme wa magari, tangu nilipokuwa na nywele nyingi kichwani mpaka macho yangu yalipokataa kutofautisha waya mwekundu na waya wa kahawia. Hapo nikaacha, maana elektrisye asiyejua rangi ni hatari kuliko mwizi. Ninawaandikia kwa Kiswahili cha masista walionifundisha, ili hata mtu wa mbali kule Kalemie asome. Lakini nina hasira, na nikiwa na hasira Kiswahili cha kwetu kinatoka chenyewe. Mtanisamehe, au msinisamehe.

Sasa sikilizeni. Gari lina batri moja ya kuwasha moteri. Mtu anayekwenda kulala porini anataka taa, anataka friji ndogo, anataka kuchaji simu. Akivitumia vyote kwa batri ile moja, asubuhi anazungusha ufunguo, gari linasema "tik", basi. Ndiyo maana tunaongeza batri ya pili. Na kati ya batri hizo mbili tunaweka kisanduku kidogo tunachokiita separatere. Moteri ikizunguka, kisanduku kinaziunganisha batri, zote zinajaa. Moteri ikizimwa, kinazitenganisha: batri ya pili inabaki na friji yako na taa zako, ile ya kwanza hakuna anayeigusa. Ni hayo tu. Hata mtoto wa shule ya msingi anaelewa. Wanaoshindwa kuelewa ni wale wanaolipwa kuifanya kazi hiyo.

Zamani kazi hii haikuwapo kwetu. Waliolala porini ni wale waliofuata vinkubala msituni, na hao waliwasha moto wa kuni wakachemsha viwavi vyao humo humo, nani angeuliza habari za friji? Mtu wa kwanza kuniletea gari kwa ajili hiyo alikuwa bwana mmoja wa mtaa wa Karavia, nyumba kubwa, tumbo kubwa, gari la jeep kubwa. Alitaka kwenda na familia yake kwenye maporomoko ya maji kule Kundelungu, na bia isipate moto. Nikamfungia. Akaenda. Jumatatu nikamwona anaingia gereji uso umekunjamana.

"Papa Ngoie, we ulinifanyia nini? Bia ilipata moto sawa supu! Na miziki ilikufa katikati ya kucheza!"

Mke wake alikuwa amekaa ndani ya gari. Akashusha kioo. "Usimusikilize, Papa. Aliacha miziki inalia tangu Ijumaa mpaka Jumapili. Lakini asubuhi alizungusha ufunguo mara moja tu, motoka ikawaka, tukarudi na batoto. Acha bia ikufe. Shiye tuko bazima. Aksanti sana."

Yule mama alielewa separatere kuliko wahandisi wengi niliokutana nao. Batri ya pili inaweza kufa, ni haki yake, imekufa kazini. Ya kwanza haifi. Ukiziunganisha moja kwa moja hujamwongezea mtu nguvu, umemtafutia njia ya kupoteza batri mbili kwa siku moja.

Mimi, kabla ya magari, nilifundishwa na Mzee Banza. Familia yake ilitoka kaskazini, kama yangu, watu wa misa ya kwanza na wa reli. Alikuwa fundi wa batri za mabehewa ya abiria, maana zamani chini ya kila behewa kulikuwa na masanduku ya batri za kuwasha taa. Mfupi, mweusi kwa grisi, na kinywa chake hakikuwa na mlango. Alinitukana miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, na siku ya kumzika nililia kuliko watoto wake.

Kwenye karakana yao kulikuwa na desturi. Kila aliyegusa batri za behewa, safari ya kwanza baada ya kazi alipanda behewa hilo hilo. Si kama abiria, hapana. Na begi lake la vifaa, amekaa kwenye ubao na watu wote, mpaka kituo ambako treni ililala. Aliyekataa, Mzee Banza hakumpa tena kazi ya kushika hata balbu. Alisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Weye ulifunga, weye utalala."

Nilimwona mkali bure. Basi siku moja nikafunga batri za behewa, nikaharakisha kwa sababu kulikuwa na harusi ya binamu yangu, na kichwa kimoja cha waya sikukikaza. Nilikipachika tu. Harusi yenyewe sikuiona, maana zamu ya kupanda ilikuwa yangu. Treni ikaondoka, jua likazama, taa zikawaka, nikajipongeza. Tulipofika kwenye reli mbovu behewa likaruka, taa zote zikazima. Loo! Mama mmoja akakaa juu ya mayai ya mwenzake. Mwingine akakanyaga samaki wa watu. Kila mtu akapiga kelele: "Elektrisye iko wapi? Nani alifanya hii kazi?" Mimi nilikuwa kwenye kona yangu. Nikainamisha begi polepole nilifiche chini ya ubao, na spana zote zikalia humo ndani kama kengele za misa.

"Ni huyu! Iko hapa!"

Sitawaambia nilivyoitwa safari ile nzima. Mwenye mayai alikuwa na msamiati. Nilikaza kile kichwa cha waya gizani kwa kupapasa, huku akinishikia kiberiti na kunitukania ukoo. Niliporudi Mzee Banza aliniuliza neno moja tu: "Ulilala muzuri?" Tangu siku hiyo sijawahi kuacha kichwa cha waya bila kukishika na kukivuta kwa mkono. Kivute! Kikisogea, hujafunga kitu.

Nirudi kwenye hasira yangu, kuhusu waya.

Tumezaliwa juu ya shaba. Babu zetu walikufa kwa ajili ya shaba. Malori yanapita hapa kutwa kucha yamebeba shaba kwenda mipakani, sisi tunabaki na vumbi jekundu kooni. Halafu nenda sokoni ukanunue waya mnene wa batri. Mzuri kwa macho, mzito wa plastiki, bei ya kupatana. Chukua kisu, kwangua. Ndani kunang'aa kweupe! Ni aluminyumu iliyopakwa rangi ya shaba. Mji wa shaba unauziwa waya usio na shaba, na mafundi wa mji wa shaba wanaununua, wanaufunga, wanasema iko bien. Mimi nikifikiria jambo hilo chakula hakipiti.

Kwa hiyo kisu mfukoni, daima. Muuzaji akikukataza kukwangua, mwachie waya wake. Waya wa uongo unapata moto mahali ambapo wa kweli ungebaki baridi, na kwenye vichwa unakatika nyuzi moja moja mpaka siku moja unabaki mpira mtupu.

Halafu fizibo, ile ambayo jirani zetu wa Tanzania wanaiita fyuzi. Fundi mmoja anaweka fizibo moja karibu na batri ya kwanza, anaona amemaliza. Wewe, fikiri! Waya huu una batri huku na batri kule. Ukisuguliwa katikati ukagusa bodi ya gari, umeme unakuja kutoka pande zote mbili. Fizibo ya huku itakatika, sawa. Ile batri ya kule nani ataizuia? Itaendelea kusukuma mpaka waya uwe mwekundu, na mpira uwake, na hapo juu yake amelala mtu na blanketi lake. Fizibo mbili, moja kwenye kila batri, karibu kabisa na kichwa chake. Na anayekuambia karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara inatosha badala ya fizibo, mwambie kwanza aifunge kwenye gari la mama yake.

Sasa Mama Ngalula.

Mama Ngalula ni mjukuu wa watu waliotoka Kasai. Baba yake alikuwa karani, akamsomesha, na mama huyu ana duka katikati ya mji, mahali pa mabenki na ofisi. Anauza maharagwe na karanga kwa jumla. Lakini hawaamini madalali. Anapanda mwenyewe mpaka Mitwaba, anakaa kule na wakulima, analala kwenye hema pembeni ya pikapu yake, anaonja maharagwe kwa meno yake mwenyewe, anarudi. Na ana sukari, ile ya sindano. Tangu alipokuwa msichana anajidunga insulini kila siku, na insulini inataka baridi. Daktari alimwambia akae dukani. Akaniambia, "Papa Ngoie, nikikaa nyuma ya comptoir, njaa itaniua mbele ya sukari kuniua. Nifungie friji ndani ya motoka."

Nikafunga. Batri ya pili ya aina ya kazi ndefu, si ya kuwashia, kwa sababu ya kuwashia inatoa nguvu kubwa mara moja na haipendi kunyonywa polepole. Separatere. Fizibo mbili. Shaba niliyoikwangua mwenyewe. Mkanda wa chuma wa kuikamata batri kule nyuma ya pikapu, maana barabara ile inarusha mtu hadi darini. Nikakwangua rangi ya bodi mpaka chuma cheupe pale nilipofunga waya wa chini, ule unaoshikana na bodi. Halafu nikachukua blanketi langu, nikalala ndani ya pikapu uani kwa Mama Ngalula. Watoto wake walikuja kunichungulia asubuhi kama mnyama. Na safari ya kwanza nilipanda.

Mama Ngalula alicheka sana. "Papa, unaniogopea, ao unaogopea kazi yako?"

"Naogopa Mzee Banza," nikamwambia. "Alishakufa, lakini bado namuogopa."

Tulipopita mashimo ya barabara, nilisimamisha gari nikapapasa waya, nikakuta mahali unapopita kwenye bati pameanza kuukwaruza. Ningebaki Lubumbashi, nani angepapasa? Nikaweka kipande cha mpira wa tairi, nikafunga vizuri. Mpira ule ulikaa miaka. Yeye akapanda, akashuka, akapanda, akashuka, dawa yake ikiwa baridi kama maji ya kisima, na jina langu hakulitaja kabisa. Ndiyo heshima ya elektrisye, kusahauliwa. Wakikukumbuka ujue kuna kitu kimeungua.

Nikastaafu. Batri ya pili ikazeeka, ni kawaida. Mama Ngalula hakutaka kunisumbua, akapeleka pikapu kwa fundi mwingine, Dédé.

Dédé si mtoto. Ana mke, ana watoto wanne, ana gereji yake kwenye avenyu na bango lenye radi mbili za manjano. Mikono yake ni myepesi, sikatai. Alibadilisha batri, akaona waya wangu umechakaa kwenye vichwa, akaweka waya mpya wa sokoni. Akakuta separatere. Hakuielewa. Mtu mwenye akili akikuta kitu asichokielewa anauliza, na mimi nakaa mitaa miwili kutoka kwake, ananiona kila siku nimekaa kwenye baraza na redio yangu. Hakuuliza. Aliitoa. Akaunganisha batri mbili moja kwa moja. Fizibo akazitoa pia, kwa sababu hazikuingia kwenye vichwa vya waya wake mpya. Akafunga kapo, kile kifuniko cha moteri. Iko bien.

Mama Ngalula akaondoka na shofere wake, mvua za kwanza, lile jua linalochoma katikati ya mvua na mvua. Kabla ya kufika Mitwaba barabara ilikuwa imekatika, malori yamezama. Wakaacha foleni, wakaweka kambi pembeni, kama kawaida yake. Friji ikafanya kazi yake usiku na mchana, moteri imezimwa. Asubuhi moja shofere akazungusha ufunguo. Tik.

Mtaniambia, si wangesukuma? Sukuma wewe, katika tope linalofika magotini! Si wangeomba umeme kwa lori? Lori la karibu lilikuwa limelala ubavu. Friji ikanyamaza. Sanduku la friji lilikuwa nyuma, chini ya turubai jeusi, na jua likapika kila kilichokuwa ndani yake. Na insulini iliyoharibika hainuki kama nyama. Imo kwenye chupa yake, maji safi, inakutazama. Mama Ngalula akaendelea kujidunga. Akajidunga maji. Shofere aliniambia alianza kwa kiu, anakunywa na kunywa, halafu akaanza kutapika, halafu akaanza kuongea Kiluba cha Kasai na bibi yake aliyekufa zamani. Wakulima wakang'oa mlango wa nyumba, wakamlaza juu yake, wakambeba kwa zamu kupita lile tope mpaka ng'ambo, ambako gari la misioni lilimchukua, yeye na mlango wake, mpaka hospitali. Watu wasio na batri hata moja ndio waliomwokoa.

Alirudi kutoka kule alikokuwa karibu kufika. Lakini jicho lake la kushoto mpaka leo linaona ukungu.

Pikapu ilivutwa na lori mpaka Lubumbashi. Nikaenda kuifungua. Nikaona. Nilikaa chini, kwenye vumbi, mzee mzima. Halafu nikainuka, nikaung'oa waya wake, nikaenda kwa Dédé nikiwa na ule waya mkononi.

"Nani alitoa separatere?"

Alikuwa anakula. "Ah, Papa Ngoie, karibu. Ile kintu ilikuwa inazuia kourant ya umeme. Mi nilifunga direct. Ma-batri yote mbili inajaa pamoja, mbio mbio."

"Na inakufa pamoja!"

"Papa, haiko kosa yangu. Friji ndiyo ilikula. Bantu banaacha friji inatembea bila kuwasha moteri."

"Friji ni ya kutembea, we! Ndiyo kazi yake! Ndiyo maana ile separatere ilikuwa pale!" Nikatoa kisu, nikaukwangua waya mbele ya macho yake, weupe ukatoka. "Na hii? Hii ni shaba? Sema, ni shaba?"

"Bote banauzisha ile," akasema. "Papa, usikasirike, utapata tansio. Motoka ilitoka hapa inawaka. Kazi ilikuwa bien."

Nilimtukana. Sitaki kujificha. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kiluba, na kwa Kifaransa kidogo cha Mzee Banza. Majirani walitoka. Dédé alitabasamu vile vijana wanavyowatabasamia wazee, akarudi kwenye sahani yake. Nikaenda nyumbani, kweli tansio, presha ya damu, ikapanda, mke wangu akaninyang'anya chumvi mpaka leo.

Basi Mama Ngalula akapona, akakonda, akaanza kutembea ameshika ukuta. Msimu wa maharagwe ukakaribia. Nikajiandaa. Nilitafuta separatere, nikatafuta shaba ya kweli, nikamwomba mkwe wangu awe macho yangu kwenye rangi za nyaya. Asubuhi moja nikaambiwa, pikapu ya Mama Ngalula iko kwa Dédé.

Nikachukua mfuko wa vifaa, sijui nilivaaje viatu. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya gereji, na Dédé kichwa kimezama ndani ya moteri.

"Mama Ngalula! Unamurudishia huyu? Huyu! Alitaka kukuua!"

"Kaa, Papa."

"Sikai! Separatere nimekutafutia mimi, waya nimekutafutia mimi. Juu ya nini unakuja kwake?"

Akanitazama kwa jicho lake zima. Hakupandisha sauti. "Papa Ngoie, weye macho yako yalikwisha, na weye utakufa. Usichukie, shiye bote tutakufa. Lakini motoka za hapa ni huyu ndiye atazifunga. Nikikimbia mi, kesho atafungia mutu mwingine. Kaa."

Nikakaa. Nilimpa Dédé vifaa vyangu, separatere na waya, kwa mkono mmoja, bila kumtazama. Akafanya kazi. Separatere aliirudisha, maana Mama Ngalula alimwambia bila hiyo hatoki mtu hapa. Waya wa shaba aliufunga. Fizibo aliweka moja, kwenye batri ya kwanza. Nikafungua mdomo, Mama Ngalula akanigusa goti, nikaufunga. Ninyi hamjui ilivyo vigumu kufunga mdomo wangu. Dédé akashusha kapo, ikagonga, akajifuta mikono.

"Mama, imekwisha. Iko bien."

"Muzuri," akasema Mama Ngalula. "Sasa enda kwako ulete blanketi na kabegi kako. Tunatoka leo. Mpaka Mitwaba utapanda nyuma, pale juu ya batri, na kule utalala ndani. Dawa yangu nitaiweka mikononi mwako."

Dédé akacheka. Mama Ngalula hakucheka. Shofere alikuwa ameshafungua turubai la nyuma na kumtengenezea nafasi.

"Mi, Mama? Niende mi?"

"Weye ulifunga. Ao haiko bien?"

Dédé akasimama. Akaitazama pikapu. Akatazama mikono yake, akaitazama tena pikapu, na kile kicheko kikaisha usoni polepole. Akarudi mbele, akafungua kapo tena. Akashika kichwa cha waya, akakivuta. Kikasogea. Akashika cha pili. Akafuata waya kwa vidole mpaka pale unapopita kwenye bati, akakaa pale muda mrefu, halafu akatoa kichwa nje, jasho linamtiririka, kijana wa watu wa avenyu yetu, baba wa watoto wanne.

"Papa Ngoie," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ile fizibo ya pili... inakaaka wapi?"

Najua mnataka niwaambie nilifurahi. Sikufurahi! Hasira iliyonipanda pale ilizidi zote, na bado ninayo ninapowaandikia. Kumbe alijua! Siku ile ya kwanza, alipofunga kapo na kumwambia mama wa watu iko bien, alijua kwamba haiko. Mkono wake ulijua pa kushika na pa kuvuta. Ila hakushika, kwa sababu aliyekuwa anakwenda kulala na kazi yake ni mtu mwingine.

Nikainuka. Nikamwonyesha inapokaa.